Sura ya Tisa: Kibuyu Kisichojua Maziwa

Jelagat alikuwa anakwenda kuachana na mwanamume, kwa hiyo alivaa gauni lake zuri kuliko yote. Usiulize kwa nini. Mwanamke akienda kukata neno hataki akumbukwe na nguo ya jikoni. Asubuhi hiyo, kule landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, alikoishi na shangazi yake, alilipiga pasi lile gauni la buluu alilolishona mwenyewe, lenye kola nyeupe, shangazi akimtazama tu bila kuuliza. Mkononi alibeba kitambaa chekundu cha kichwa, kimekunjwa vizuri. Alipewa na Kimaiyo siku ile walipoahidiana, na leo alikuwa anakirudisha.

Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza uhuni wake wa mchana, ukibeba vumbi la magadi na kuwamwagia watu wa Nakuru machoni, tajiri kwa maskini. Jelagat alifika kwenye bekari ya Bwana Pinto, yule Mgoa aliyemwajiri Kimaiyo, kiganja kikiwa usoni. Akazunguka nyuma hadi uani. Mikate ya siku ilikuwa imekwisha kwenda na tanuri limepumzishwa, lakini ukuta wake bado ulikuwa na joto, na harufu ya mkate ilikuwa imejaa kila mahali.

Kimaiyo alikuwa amesimama karibu na bomba, mrefu, unga umemkaa kwenye nyusi. Alipomwona, uso wote ulifunguka.

Na moyo wa Jelagat, msaliti huyo, ukaruka.

"Umekuja," Kimaiyo alisema.

"Si uliniita?"

"Niliogopa utakataa."

"Mwezi mzima, Kimaiyo! Mwezi mzima hata salamu hakuna. Nikafikiri labda nilikufa na hakuna mtu amenipa habari."

"Keti kwanza."

"Sikai. Nimeleta kitambaa chako."

"Jela, tafadhali. Hata kama ni kugombana, tugombane tumekaa."

Alikuwa ametandika gunia safi juu ya benchi, ukuta wenye joto ukiwa mgongoni. Jelagat akaketi ukingoni kabisa, akakiweka kitambaa katikati yao kama ua.

Msomaji, mambo yalikuwa hivi. Jelagat alikuwa binti wa Kuresoi, kwenye viazi na baridi, na tangu utotoni mwili wake ulikuwa haupatani na maziwa. Tone moja tu, midomo inavimba, ngozi inapanda vipele vya kuwasha, kifua kinafunga. Bibi yake ndiye aliyemlea kwa uji wa wimbi na viazi, na ndiye aliyemfundisha kuficha. "Nani atakuja kuoa msichana anayekataliwa na ng'ombe?" bibi alikuwa akisema. "Ukipewa maziwa, sema umeshiba. Basi."

Kwa hiyo siku Kimaiyo alipompeleka Rongai kumwonyesha kwa mama yake, na Mama Truphosa akamletea mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, Jelagat alisema ameshiba. Lo! Nyumba ikacheka kwa furaha. Kwa desturi yao, bibi harusi akifika kwa mumewe hukataa kuingia, hukataa kuketi, hukataa kula, mpaka aahidiwe mnyama. Wakaona huyu msichana ana haraka, ameanza maringo ya harusi kabla ya posa! Mama Truphosa, kwa kumpenda, akamwahidi mbuzi. Jelagat akasema ameshiba. Akamwahidi kondoo. Ameshiba. Majirani wakaanza kuchungulia. Mama akameza mate, akamwahidi mtamba, yule mwenye baka jeupe usoni, roho ya boma lile. Na Jelagat, machozi yakimlengalenga, akasema, "Asante Mama, lakini nimeshiba."

Hapo kicheko kikaisha. Msichana anayekataa maziwa hata baada ya mtamba amekataa nyumba, na Mama Truphosa alilisema hilo mbele ya watu wote.

Kimaiyo hakujua kitu. Kumtuliza mpenzi wake alimnunulia chokoleti kwenye duka la Mhindi, ile ya karatasi inayong'aa. Jelagat alikuwa hajawahi kuonja chokoleti maishani. Alimega kipande, kikayeyuka ulimini, akafumba macho kwa utamu. Kuyafumbua ikawa shida. Mle ndani kulikuwa na maziwa, na nani angejua? Kimaiyo alimbeba mikononi hadi hospitali, msichana akipumua kwa filimbi. Ndipo siri ilipotoka. Na siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Kimaiyo akapotea.

"Basi sema," Jelagat alisema sasa. "Umeona mke wa namna hii ni mzigo. Sikulaumu. Mama yako amesema msichana anayekataa kibuyu chake hataingia kwake. Mimi siwezi kukupokonya mama."

"Nilimwendea Rongai. Nikamwambia ni ugonjwa."

"Akasemaje?"

"Akanifukuza. Alisema hakuna ugonjwa kama huo chini ya jua. Akachukua fimbo, Jela. Mama yangu! Hajanipiga tangu nikiwa mdogo."

"Unaona?" Sauti ya Jelagat ilikatika. "Basi chukua kitambaa."

Kimaiyo hakukichukua. Aliinuka, akaenda kwenye kivuli ambako kulikuwa na mtungi wa maji baridi, akatoa bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alilileta kwa mikono miwili. Akafunua.

Vipande vyeusi. Vingine mraba, vingine vimepinda, kimoja kama kiatu cha mtoto. Vilikuwa vinang'aa kidogo.

Jelagat akarudi nyuma hadi ukuta ukamchoma mgongo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Hiyo ni chokoleti."

"Ni chokoleti."

"Kimaiyo, unataka kuniua?"

"Haina maziwa. Hata tone. Nimeipika mwenyewe." Alipiga magoti chini, gauni la buluu likiwa mbele yake, bakuli mikononi. "Siku ile, kabla haijakuumiza, ulifumba macho. Uso wako... Jela, sijawahi kuona mtu amefurahi hivyo. Halafu ikakugeuka. Nikasema haiwezekani. Haiwezekani kitu kikuonyeshe utamu halafu kikunyime. Nikaanza kutafuta."

"Kutafuta wapi?"

"Kila duka. Nilikuwa naingia nasema, nataka chokoleti isiyo na maziwa. Wahindi wamenicheka mpaka wamechoka. Mmoja ameniambia, 'Wewe taka chai bila majani pia?' Mpishi mmoja wa kambi ya jeshi ya Lanet akaniuzia moja ya kupikia keki, nikaonja, wacha! Chungu kama mwarobaini. Lakini ilikuwa haina maziwa. Nikajua basi inawezekana. Mama Pinto akaniambia kakao yenyewe ni mbegu tu ya mti. Maziwa ni watu huongeza. Kwao Goa peremende wanapika na nazi."

"Nazi utaitoa wapi hapa?"

"Owino, yule wa treni ya Mombasa. Sasa ananiita mkwe wa minazi."

Jelagat akataka kucheka, akajizuia. Alikuwa amekuja kuachana, jamani.

"Ya kwanza iliungua," Kimaiyo aliendelea. "Ya pili ikakataa kuganda, ikawa uji. Nikajifunza kuchemsha tui mpaka mafuta yajitenge, hayo mafuta ndiyo yanaishika. Nimenunua sufuria mpya. Mwiko mpya. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuona maziwa. Na njugu nimekaanga mwenyewe chumbani kwangu, kwa sababu hapa jikoni siagi inaruka kila mahali."

"Na mikono yako?" Jelagat aliuliza polepole. "Wewe ni mtu wa Rongai, Kimaiyo. Umelelewa kwa kibuyu."

Kimaiyo akainama kidogo, kama mtu aliyekamatwa.

"Sijaonja maziwa tangu siku ile ya hospitali."

"Nini?"

"Daktari alisema hata kikombe kilichokuwa na maziwa kinaweza kukudhuru. Nikafikiri, na mdomo je? Na mkono wa mtu aliyetoka kunywa? Nikasema nikae mbali kwanza mpaka nizoee kuyakosa. Chai ya rangi. Ugali na mboga. Nilikuwa naumwa kichwa, nikiota mursik usingizini, naamka nalia kama ndama." Alicheka kwa aibu. "Ndiyo sababu ulikosa salamu. Nilitaka nikija, nije nikiwa mtu ambaye unaweza kumkaribia."

Jelagat alimtazama. Sasa aliona: mashavu yalikuwa yameingia ndani, shati limemlegea mabegani. Kijana wa boma la ng'ombe, ameacha maziwa! Ni heri angeambiwa ameacha kupumua. Mapenzi aliyokuwa ameyafunga kamba tangu asubuhi yakafunguka yote mara moja.

"Mjinga wewe," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Nipe."

Kimaiyo alichagua kipande kidogo kuliko vyote. Jelagat akakigusisha kwanza kwenye mdomo, akangoja. Hakuna kuwasha. Akakilamba kwa ncha ya ulimi, akangoja tena, mkono wake umeshika mkono wa Kimaiyo kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Hakuna kitu. Akakitia kinywani.

Kwanza kilikuwa kichungu, uchungu wa moshi na udongo. Halafu kikaanza kuyeyuka, na utamu wa nazi ukaja kutoka nyuma taratibu, na chembe za njugu zikavunjika menoni. Jelagat alifumba macho. Alisubiri koo lifunge. Koo likabaki wazi. Pumzi ikaingia, ikatoka, nzuri kabisa.

Machozi yakamtiririka.

"Jela! Inauma? Jela, nimwite daktari?"

"Nyamaza, bwana." Alifumbua macho, na macho yalifumbuka. "Nipe kingine."

Kimaiyo akaweka bakuli chini, akamfuta machozi kwa kidole gumba, na kidole hicho kikakaa shavuni kwa muda mrefu kuliko machozi yalivyohitaji. Nyuso zao zilikuwa karibu. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeanguka chini, hakuna aliyejali.

"Hodi!"

Wakaachana kama waliomwagiwa maji.

Mama Truphosa alikuwa amesimama kwenye lango la ua, shuka begani, vumbi la barabara limempaka hadi kope, na kibuyu kimening'inia mkononi kwa ukanda wake wa ngozi. Alikuwa amekuja na lori la shamba. Mtu wa nyumbani alimwambia kwamba Kimaiyo amekonda, hanywi maziwa tena, na mama gani angesikia hayo akalala?

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. Sauti ilikuwa chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umemtoa mtoto wangu kwenye maziwa. Kuikataa nyumba yangu haikutosha, umeamua kumkausha na yeye."

"Shikamoo, Mama," Jelagat alisema, ameinuka.

"Usinipe shikamoo. Umempa nini mtoto wangu?"

"Mama, hakunipa kitu," Kimaiyo alisema. "Nimeacha mwenyewe."

"Mwenyewe! Mtu aacha maziwa mwenyewe kama nani? Maziwa hayajawahi kudhuru mtu! Nakuambia hayajawahi!" Alipiga mguu chini. "Kunywa. Huyu msichana anywe hapa, mbele yangu. Akinywa, nakubali. Asiponywa, Kimaiyo, uchague hapa hapa. Mimi au yeye."

 

Jelagat alimwona Kimaiyo akifungua mdomo, akajua atakalolisema, na akajua kwamba mwanamume akishamkana mama yake kwa ajili ya mke, siku moja jambo hilo hurudi nyumbani kuketi kati yao. Akamtangulia.

"Mama, kunywa siwezi. Nitakufa mbele yako, na sitaki ubebe hilo," alisema. Alipandisha mkono wa gauni lake la buluu hadi kiwikoni, akamnyoshea mkono mtupu. "Lakini nipake. Tone moja tu, hapa kwenye ngozi. Halafu utazame mwenyewe."

"Jela, hapana!" Kimaiyo aliruka.

"Wacha, Kimaiyo. Mama ana haki ya kuona."

Mama Truphosa akafungua kibuyu. Alitia kidole, akachora mstari mmoja ndani ya mkono wa yule msichana, mweupe wenye chembe za mkaa. Wakatazama wote watatu.

Kwanza ngozi ikawa kama kawaida. Kisha wekundu ukapanda. Kisha ule mstari ukainuka, ukavimba, ukawa kamba nene iliyofuata njia ya kidole cha mama, na pembeni yake vipele vikaanza kutoka kimoja kimoja. Jelagat alikuwa ameuma meno kwa kuwashwa. Kimaiyo alikuwa amekwisha kufungua bomba, anamwosha, anamsugua, anamlaumu, anamwosha tena.

Mama Truphosa alikuwa bado anautazama ule mstari. Uso wake ulikuwa umekwenda mbali sana.

"Na midomo," alisema mwishowe. "Midomo nayo huvimba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kifua kinalia. Ndani humu. Sauti nyembamba, kama paka."

Jelagat akageuka. "Mama umejuaje?"

Mama akaketi. Aliketi palepale chini kwenye vumbi, kibuyu mapajani, kama mtu aliyekatwa miguu.

Na hapo Jelagat akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Katika nyumba ile ya Rongai mlikuwa na wavulana watupu. Kimaiyo na wadogo zake. Watu wote walimwita yule mwanamke Mama Truphosa, na Jelagat alifikiri tu kwamba huyo Truphosa ni dada aliyeolewa mbali.

"Alikuwa wa kwanza," mama alisema. "Kabla ya huyu Kimaiyo. Nilishikwa na homa, ziwa langu likakauka, mtoto analia. Wakaniambia mpe ya ng'ombe. Nikampa, kwa mkono huu. Akavimba hivyo hivyo. Akalia hivyo hivyo, kama paka, mpaka akanyamaza." Alikuwa anautazama mkono wake. "Wakasema ni jicho. Kuna jirani amemtazama vibaya. Nami nikakubali ni jicho. Afadhali jicho la jirani kuliko mkono wangu."

"Mama," Kimaiyo alisema. "Hukuwahi kutuambia."

"Ulipokuja na habari ya ugonjwa wa maziwa, ningekubalije? Ningekubalije, mwanangu? Ningekuwa nimekubali nini?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jelagat alitaka kwenda kumkumbatia, lakini yule mama akainua kiganja kumzuia.

"Usinishike. Nimeshika maziwa."

Aliinuka kwa taabu. Alikwenda kwenye tanuri, akachota majivu, akaenda kwenye bomba, akaosha mikono hadi viwikoni. Akarudia. Akanusa vidole, akarudia tena, machozi yakidondokea kwenye povu la majivu. Ndipo akageuka, akamwendea Jelagat, akamshika uso kwa mikono ile miwili yenye baridi.

"Hukujua, Mama," Jelagat alimwambia. "Nani angekuambia? Hata mimi niliponea kwa viazi tu."

"Viazi," mama alisema, akicheka na kulia pamoja. "Ningempa viazi."

Wakakaa hivyo mpaka kilio kikapungua. Kimaiyo, asiyejua aweke wapi mikono yake, akaleta bakuli. Mama akakodolea vile vipande vyeusi.

"Hii ni nini? Samadi?"

"Ni chokoleti, Mama. Haina maziwa."

Akaonja. Uso ukakunjamana wote. "Ai! Hii ni dawa ya minyoo." Akatafuna, akatafuna zaidi. Halafu, bila kumtazama mtu yeyote, mkono wake ukaenda kuchukua kipande cha pili. Kimaiyo na Jelagat wakatazamana juu ya kilemba chake.

"Sasa sikilizeni," alisema, akilamba kidole. "Mkwe haingii kwangu bila kuonja kitu kutoka kwenye kibuyu. Hiyo ni yetu na siibadilishi. Lakini hivi vyote vya nyumbani vimekunywa maziwa miaka mingi, hata nikivisugua hadi nivitoboe. Mvua ikianza nitapanda mbegu mpya. Kibuyu kikikomaa nitakikausha, nitakisugua kwa mkono wangu, na hakitajua maziwa mpaka kivunjike. Humo mtatia hii samadi yenu tamu na maji ya moto. Kitakuwa kibuyu cha Jelagat."

"Mama, mpaka kibuyu kiote na kikauke?" Kimaiyo alilia. "Hiyo ni miezi mingi!"

"Umeacha maziwa, utashindwa kungoja kibuyu?" Akaokota kitambaa chekundu mavumbini, akakikung'uta. "Hiki ni cha nani?"

"Changu," Jelagat alisema upesi, kabla Kimaiyo hajafungua mdomo. Akakichukua, akakifunga kichwani.

"Basi inuka twende ukanionyeshe kwa shangazi yako. Siwezi kuja mji huu nisiwasalimu wakwe."

Lakini Jelagat alikuwa ameketi tena kwenye gunia. Alitulia tuli, mikono mapajani, macho chini, mdomo umefungwa. Kimaiyo akashangaa. Mama akamtazama, akatazama gunia, na taratibu tabasamu likaanza kumtoka.

"Oho! Umeanza, hata safari hii?" Akajishika kiuno. "Haya. Mtamba wenye baka bado yuko."

Jelagat akatikisa kichwa. "Sitaki mtamba, Mama. Nitamfanya nini?"

"Umuuze ununue minazi! Kondoo basi?"

"Hapana."

"Haki, msichana huyu! Unataka nini, nikupe?"

Jelagat akainua macho. Alama ya kidole bado ilikuwa imevimba mkononi mwake.

"Nataka jina," alisema. "Nikizaa msichana, niruhusu nimwite Truphosa."

 Mama aliziba uso kwa shuka, mabega yakatikisika, na Kimaiyo akamshika asianguke.  Kisha, kutoka ndani ya shuka lile, kikatoka kichwa kikiitikia, mara moja, mara mbili.

Hapo Jelagat akainuka.